Undugu Nao Huchoka: Wagonjwa wa Akili Ugenini, Arua na Koboko

Mtu akipatwa na malaria katika makazi ya wakimbizi, jirani humpakia kwenye bodaboda na kumfikisha kituo cha afya. Akipatwa na maradhi ya akili, jirani huyo huyo huwaita watoto wake waingie ndani, kisha hufunga mlango. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua, katika West Nile, ni nani atakayepata nafuu na kurudi kwenye jembe lake, na ni nani atakayezunguka sokoni bila viatu mpaka watu wamsahau jina.

Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika.  Mapigano ya Juba yanayokumbukwa hapa ni yale ya Julai 2016, ambayo yalienea hadi Yei na vijiji vyake, na kuwasukuma maelfu kwa maelfu ya watu kuvuka mpaka. Wengine walipelekwa Rhino Camp, makazi ya tangu mwaka 1980, na wengine Imvepi, iliyofunguliwa upya Februari 2017. Makazi hayo yote mawili yalikuwa chini ya wilaya ya Arua kabla ya wilaya hiyo kugawanywa. Huko Koboko yako makazi ya Lobule, ambayo wakazi wake wengi ni Wakongo. Tena wako wale ambao hawakukaa kambini hata siku moja: walipanga chumba Koboko mjini au Arua, wakauza mkaa na nyanya, wakajitafutia riziki kama wenyeji.

Katika umati huo wamo wagonjwa wa akili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba katika nchi zilizoguswa na vita, mtu mmoja kati ya watano hivi ana tatizo fulani la akili, na mmoja kati ya ishirini ana tatizo zito. Inafaa msomaji azitenganishe hesabu hizo mbili. Mjane anayelia usiku kwa ajili ya mumewe aliyeuawa njiani si lazima awe mgonjwa. Ana majonzi, na majonzi yana haki yake. Maradhi mazito ni jambo jingine. Mgonjwa husikia sauti za watu ambao hawapo, huamini kwamba jirani anamtilia sumu, huacha kuoga na kula. Au hukesha siku nne akisema na kucheka na kugawa mali yake, na baada ya wiki chache hushindwa hata kuinuka mkekani. Maradhi hayo hayaambukizi. Hayaletwi na uvivu wala na malezi mabaya ya mama. Tena yana dawa.

Swali la makala haya si la dawa, bali ni la watu. Nani atamwona mgonjwa wa kwanza, nani atamfikisha hospitali, nani atamkumbusha kidonge cha jioni, na nani atakaa naye miaka kumi?

NDUGU HUENDA WAPI?

Jibu la haraka hutolewa na kila mtu: ndugu zake. Husemwa kwamba Mwafrika hamtupi jamaa yake. Maneno hayo ni mazuri, na nyumbani, penye shamba, maboma na wazee, mara nyingi ni ya kweli. Ugenini yanahitaji kupimwa.

Aliyeyapima kwa makini alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii, Barbara Harrell-Bond, katika miaka ya 1980, na waliompa ushahidi walikuwa watu wa West Nile wenyewe. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980 yaliyozikumba Koboko na Arua, karibu watu wote wa sehemu hizo walikimbilia Zaire na Sudan. Harrell-Bond alifanya utafiti katika makazi yao ya upande wa Yei, na mwaka 1986 akachapisha kitabu kilichoitwa *Imposing Aid*. Humo alikataa dhana kwamba mashirika yaweza kutegemea tu huruma ya ukoo. Alieleza jinsi njaa, misiba isiyokwisha na kutawanyika kwa jamaa vilivyowafanya watu wema kabisa washindwe kuwatazama wazee, yatima na wagonjwa wao. Hawakuwa wamegeuka wabaya. Walikuwa wamechoka, na waliokuwa wakigawana nao mzigo walikuwa wamekufa au wako upande mwingine wa mpaka.

Jambo hili si la Waafrika pekee. Kati ya mataifa yanayosifiwa kwa kushikamana kwa jamaa, Wachina husimama mbele, nao pia wana historia ndefu ya kuhama. Daktari Tsung-yi Lin, mzaliwa wa Taiwan aliyefanya kazi Vancouver nchini Kanada, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1978 uchunguzi juu ya wagonjwa wa akili waliokuwa wakiletwa hospitali katika mji huo. Jamaa za Kichina walikuwa wakimficha mgonjwa nyumbani kwa muda mrefu, wakijaribu wenyewe kumrekebisha kwa chakula, dawa za miti na nasaha. Aliposhindikana waliwaita rafiki na wazee wanaoaminiwa. Daktari alifuata baadaye sana, na baada ya daktari, mara nyingi, ulifuata mwisho wa kusikitisha: jamaa wale wale waliobeba kila kitu kimya kimya kwa miaka walivunjika moyo, wakamwacha mgonjwa mikononi mwa hospitali, wakamhesabu kuwa amepotea. Sababu ya kuficha ilikuwa aibu, kwa kuwa ugonjwa wa mmoja huweza kuharibu posa ya dada yake. Mama yeyote wa Koboko anazielewa hesabu hizo bila mkalimani.

Yaliyotokea Vancouver na yaliyotokea Yei yanafanana kwa jambo moja. Undugu hauvunjiki siku ya kwanza. Huvunjika baada ya kubeba peke yake, kwa siri, mzigo uliopaswa kugawanywa.

Ugeni wenyewe una sehemu yake katika kuleta ugonjwa. Daktari Ørnulv Ødegaard wa Norway aliandika mwaka 1932 kwamba Wanorwei waliohamia jimbo la Minnesota, Marekani, walilazwa kwa wazimu zaidi kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba wakimbizi waliugua skizofrenia na maradhi yanayofanana nayo zaidi hata kuliko wahamiaji wengine waliotoka sehemu zile zile za dunia bila kukimbia.

KOBOKO: LUGHA MOJA, PAA LA KUAZIMA

Yeyote anayeijua Koboko atasema kwamba hapo mkimbizi si mgeni kamili. Kabila la Kakwa limekatwa na mipaka mitatu: wako Koboko, wako Yei na Morobo, na wako Ingbokolo upande wa Kongo. Mwanamke anayevuka pale Oraba hukuta watu wanaosalimiana kwa lugha yake, wenye majina ya koo anazozijua. Wazee wanaompokea waliwahi wenyewe kupokewa Yei katika miaka ile ya 1980. Wengi hulisema hilo waziwazi: walikula muhogo wa watu, sasa ni zamu yao.

Hiyo ni neema kubwa, wala haifai kuidharau. Mgonjwa anayesikia sauti anahitaji, kabla ya kitu kingine, mtu wa kumwuliza kwa lugha ya mama yake sauti hizo zinasemaje. Hata hivyo lugha moja haiongezi chumba. Mwenyeji aliyempokea shemeji na watoto wanne katika nyumba ya vyumba viwili anaweza kuvumilia mwaka. Kijana wa shemeji akianza kupiga kelele usiku na kurusha mawe, mwenye nyumba ya kupanga hutoa notisi, na jamaa huanza kunong'ona juu ya kumrudisha Yei. Tena mkimbizi aliyejipangia mjini hapati mgao wa kambini. Aliyemwacha mgonjwa nyumbani akaenda kuuza sokoni hana wa kumshikia, na asiyekwenda sokoni hali.

Huko Rhino Camp mambo ni kinyume. Kiwanja kipo, maana Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na taratibu zake zinamruhusu mkimbizi kupata kipande cha ardhi, kufanya kazi na kutembea atakako. Lakini jirani wa kulia anaweza kuwa wa kabila ambalo vita viliwafanya waogopane, na mgonjwa anayepayuka maneno ya chuki kwa lugha inayoeleweka vibaya huweza kuzua ugomvi wa mtaa mzima. Ndiyo maana wenyeviti wa kamati za ustawi wa wakimbizi, ambao hawakuchaguliwa kwa kuwa matabibu, hujikuta wakiamua mambo ya wagonjwa wa akili usiku wa manane.

KIDONGE NA SAHANI

Hospitali ya Rufaa ya Arua ina huduma ya maradhi ya akili, na vituo vya afya vya makazi hutembelewa na matabibu waliosomea kazi hiyo. Shirika la TPO limekuwa likifanya kazi ya nasaha katika West Nile tangu miaka ya 1990. Madaktari bingwa ni wachache nchini, na wengi wako Kampala, ambako ndiko iliko hospitali kuu ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955, umbali wa kilometa 500 hivi kutoka Arua. Kwa hiyo mtu muhimu wa kila siku si bingwa bali ni tabibu wa kawaida, na baada yake ni yule anayeishi na mgonjwa.

Mama wa nyumba anayemtunza mgonjwa huyo anapaswa kuambiwa mambo kadhaa ambayo mara nyingi haambiwi. Dawa za maradhi haya hazifanyi kazi kwa siku mbili kama dawa ya malaria. Huchukua wiki, na baada ya nafuu huendelea kutumiwa, kwa kuwa nafuu ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Haloperidol yaweza kukaza shingo na taya au kutetemesha mikono. Jambo hilo linatisha, na ndugu husema mgonjwa amerogwa mara ya pili. Kumbe tabibu anaweza kupunguza kipimo au kumpa dawa ya kuyaondoa. Kwa mgonjwa anayesahau au kutema vidonge ipo sindano inayodumu karibu mwezi mzima. Siku ya sindano iandikwe ukutani kwa mkaa ikibidi.

Halafu kuna njaa. Baadhi ya dawa hizi huongeza hamu ya chakula sana. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda hadi asilimia 70, na mwaka 2021 hadi asilimia 60. Mwaka 2023 kaya ziligawanywa kwa makundi kulingana na uhitaji, nyingine zikaondolewa kabisa. Na Mei 2025, kwa ukosefu wa fedha, watu wapatao milioni moja walikatiwa mgao. Mgonjwa anayekula sehemu ya wadogo zake huonekana mlafi, na mama hulazimika kuchagua kati ya kidonge na sahani. Wako wanaoficha kidonge. Kabla ya kumlaumu mama huyo, mtu afikirie sufuria yake ina nini.

Katika kupanga makundi ya namna hiyo, mgonjwa anayeishi peke yake yumo hatarini zaidi, kwa kuwa hajui kujieleza mbele ya meza ya waandikishaji, na huenda siku hiyo amepotea porini. Mwenyekiti wa mtaa au jirani anayejua habari zake ndiye anayepaswa kumsemea. Msaada wa jamii una sura kavu kama hiyo: kusimama foleni kwa ajili ya mtu mwingine, na kadi yake mkononi.

ASKARI ANAPOITWA

Aghalabu polisi ndio wanaoitwa kabla ya tabibu. Kijana ameshika panga, watu wamejaa, wengine wana mawe. Askari anayefika hapo ana dakika chache za kuamua kama mbele yake yuko mhalifu au mgonjwa.

Sheria ya Afya ya Akili iliyopitishwa na Bunge la Uganda mwaka 2018 ilichukua mahali pa sheria ya kikoloni ya mwaka 1938, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1964. Sheria mpya inamtazama mtu huyo kuwa mgonjwa mwenye haki ya matibabu na heshima, na inaweka mipaka kwa kumfunga au kumfungia peke yake. Lakini sheria haina mikono. Askari mwenye uzoefu kwanza huwatawanya watazamaji, maana umati ndio unaomtia mgonjwa hofu. Husema mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, asimame mbali kidogo wala asizibe njia ya kutokea. Humtafuta dada au rafiki anayejua lugha yake. Ikilazimu kumfunga mikono, pingu hufunguliwa mara anapotulia, na gari huelekea hospitali, si mahabusu. Aliyelala sakafuni kituoni siku tatu bila dawa na bila kula hutoka akiwa mbaya zaidi, na askari wa zamu hupata kazi ile ile mara mbili.

Wake wa askari nao si wageni wa habari hii. Katika laini za polisi au kambi ya Bondo wapo akina mama waliohamishwa na waume zao kutoka Masaka, Mbale au Kabale, wasiojua Kilugbara wala Kikakwa, ambao mama mkwe na shangazi wako mbali kilometa mamia. Mmoja wao akibadilika baada ya kujifungua, akawa halali, halishi mtoto na anasikia sauti, mumewe yuko doria. Nani atagundua? Ni jirani wa mlango wa pili, na hapo ndipo mke wa koplo na mjane wa Yei wanapofanana kabisa.

KUGAWANA MZIGO

Afrika imewahi kulijaribu jambo hili kwa mpango. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria aliwaweka wagonjwa wa hospitali ya Aro, Abeokuta, katika nyumba za vijiji vilivyoizunguka. Kila mgonjwa alikuja na ndugu mmoja angalau, wa kumpikia na kumsindikiza. Mchana alitibiwa hospitali, jioni alirudi kijijini penye ngoma, mashamba na watoto. Wanakijiji walilipwa kodi ya vyumba. Jambo la kuangaliwa hapo ni kwamba Lambo hakuutegemea wema mtupu: aliyebeba mzigo alipewa kitu, na daktari alikuwa karibu.

Katika Rhino Camp lilifanywa jaribio jingine, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Wanawake 694 wa Sudan Kusini, kutoka vijiji 14 vya makazi hayo, walihusishwa. Katika vijiji vilivyochaguliwa, akina mama walikutana mara tano kwa makundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba juu ya kutuliza moyo uliolemewa, wakapewa na kitabu cha picha. Walioongoza mikutano hawakuwa wataalamu. Miezi mitatu baadaye waliohudhuria walikuwa na dhiki pungufu kuliko wenzao. Mafunzo hayo hayatibu skizofrenia, na ni kosa kuyageuza kuwa badala ya dawa. Lakini yanamfaa sana yule dada anayemtunza mwenye skizofrenia, ambaye hakuna anayemwuliza yeye mwenyewe amelalaje. Wanaume hawakuwamo katika jaribio hilo. Wao huachiwa waragi, ambayo ni mwalimu mbaya.

Kwa kaya yenye mgonjwa, mgawanyo wa kazi hauhitaji shirika. Mmoja huweka dawa, kwa kuwa zikiwa mikononi mwa wengi hakuna anayejua kama zimemezwa. Mwingine, ikiwezekana mtu wa nje ya nyumba, humchukua mgonjwa siku moja kwa juma, kulima au kukaa tu kivulini, ili mtunzaji afue nguo na kulala. Mhudumu wa afya wa kijiji huambiwa mapema dalili za kurudi kwa ugonjwa, ambazo kila mgonjwa anazo zake: huyu huanza kukesha, yule huacha kuitikia salamu. Kiongozi wa dini anayeombea apewe nafasi yake, akiombwa jambo moja tu, asimwambie mgonjwa aache sindano. Mgonjwa mwenyewe apewe kazi mara anapoweza, hata kama ni kuchunga mbuzi wawili, kwa maana mtu anayengojewa na mbuzi ana sababu ya kuamka.

Liko jambo moja ambalo familia nyingi hulisahau. Amani ikionekana kurudi, au mgao ukikatwa, watu wa Yei na Morobo huanza kurudi kwao kidogo kidogo, baba akitangulia kulima. Mgonjwa huchukuliwa kama mzigo mwingine wowote. Lakini Sudan Kusini huduma hii ni adimu mno: uchunguzi wa Amnesty International wa mwaka 2016 uliwakuta madaktari wa akili wawili tu katika nchi nzima, na wadi moja ya umma, yenye vitanda 12, katika hospitali kuu ya Juba, wagonjwa wengine waliwekwa gerezani bila kosa lolote. Kwa hiyo kabla ya kuvuka Oraba, familia iende na mgonjwa kwenye kituo alichozoea, Koboko au Rhino Camp. Iombe akiba ya dawa ya miezi kadhaa, na barua yenye jina la dawa, kipimo chake na tarehe ya sindano ya mwisho. Ndugu mmoja abaki upande wa Uganda, mwenye nakala ya barua hiyo, wa kufuata dawa nyingine zikiisha.